Dini ya Joka Lenye Kichwa cha Kitani



Somo letu la mara hii lilianza ndani ya interna. Mwaka uliopita, wiki mbili mbele ya egzamen ya Leta, nabii mmoja alifika katika mtaa ulio karibu nasi. Alisema kila mwanafunzi aandike haja yake katika karatasi, aitie ndani ya bahasha, aifunge na gundi kabisa, kiisha aitoe pamoja na feza. Yeye angezipeleka mlimani kwa maombi ya siku tatu, halafu angezirudisha na majibu, pasipo kuzifungua. Wengi walienda. Hatuandiki haya kwa kuwacheka, kwa maana mmoja wetu sisi tunaoandika alipeleka bahasha yake pia.

Siku ya nne bahasha zilirudi. Usiku ule mwenzetu mmoja alisema kitandani: «Gundi yangu ilikuwa kidogo tu. Sasa iko mingi. Namna gani?» Mkubwa mmoja akamjibu: «Nyamaza, mdogo. Mtu wa Mungu hapimwake. Ni zambi.» Basi wote wakanyamaza, taa ikazimwa.

Lakini neno lile halikutoka moyoni mwetu. Je, ni zambi kweli kumpima mtu anayesema kwamba Mungu amemtuma? Tulipeleka ulizo hili kwa mwalimu wetu wa dini. Yeye hakutujibu palepale. Alitutuma kwanza kwa mwalimu wa historia, naye akatupa habari ya dini moja iliyotungwa na mtu zamani sana: dini ya kuabudu joka. Tuliisoma pamoja majuma matatu. Tunawaandikia hapa yale tuliyofahamu.

1. Joka ni nini?

Sisi tukisikia neno joka tunafikiri palepale Ufunuo sura ya 12, na tunaogopa. Neno la Kiyunani ni «drakon», na maana yake ni nyoka mkubwa. Lakini zamani zile Wayunani na Waroma wengi hawakuwaza joka kuwa adui tu. Mungu wao wa uponyaji, Asclepius, alichorwa na fimbo iliyozungushwa na nyoka. Wagonjwa walikwenda kulala ndani ya nyumba zake, wakitumaini kupata dawa katika ndoto. Hata leo alama ya nyoka na fimbo iko kwenye milango ya mafarmasi na mahospitali mengi.

Tena mkisoma Matendo 16:16, mtaona msichana wa Filipi, katika Makedonia, aliyewapatia bwana zake feza nyingi kwa kutabiri. Katika maneno ya Kiyunani pepo wake anaitwa «python», na lile ni jina la joka la Delphi, mahali pa kutabiria palipojulikana kuliko pote.

Basi tusishangae. Kama mtu angetangaza katika miji ile kwamba mungu wa uponyaji amekuja kwa umbo la joka, watu wasingekimbia. Wangekuja mbio.

2. Watu wawili na nyoka mmoja

Habari yenyewe ni ya miaka ya 100 nyuma ya Kristo. Mwenye kutuachia habari hiyo ni Lucian, mtu wa Samosata kwenye mto Frati. Aliiandika nyuma ya mwaka 180, na yeye mwenyewe alimwona mtu anayemsimulia.

Mtu huyu aliitwa Alexander. Alizaliwa Abonoteichus, mji mdogo kando ya Bahari Nyeusi. Mji uko hata leo katika inchi ya Uturuki, unaitwa İnebolu. Alexander alikuwa mrefu na mzuri wa uso, na sauti yake ilikuwa tamu. Nywele zake zilikuwa nusu zake, nusu za kuongeza, na watu hawakuona tofauti. Katika ujana alikuwa mtumishi wa mganga mmoja aliyejua dawa za kweli na kuuza hirizi vilevile. Kwake alijifunza yote mawili.

Kiisha alipata mwenzake, Cocconas, mtu wa Byzantium. Walitembea pamoja wakitafuta watu wa kuwalisha. Walipofika Pella katika Makedonia waliona kitu cha ajabu: wanawake walikuwa wakifuga nyoka wakubwa wapole, waliolala na watoto na kunywa maziwa. Walinunua mmoja mzuri kwa makuta machache.

Halafu wakafanya mashauri. Lucian anasema waliona jambo moja juu ya wanadamu: mtu anatawaliwa na mabwana wawili, tumaini na woga. Mwenye kuogopa anataka kujua kesho, na mwenye kutumaini anataka kujua kesho. Yule anayeweza kuuza kesho atakuwa tajiri upesi.

Kwanza walichimba chini, ndani ya nyumba ya mungu Apollo huko Chalcedon, wakafukia vibao vya shaba. Juu ya vibao walikuwa wameandika kwamba Asclepius na baba yake Apollo watahamia Ponto na kukaa Abonoteichus. Kiisha vibao «vikaonekana». Habari ikaenea. Watu wa Abonoteichus, mbele ya kumwona mungu yeyote, wakakata shauri kumjengea nyumba, wakaanza kuchimba msingi.

Tusimame kidogo hapa. Alexander hakuanza na joka. Alianza na andiko lililozikwa na kufukuliwa. Watu wakajidanganya wenyewe nusu ya kazi.

Cocconas alikufa kule Chalcedon, inasemwa kwa kuumwa na nyoka. Alexander akarudi kwao peke yake, na nywele ndefu na vazi la zambarau. Mara kwa mara alijifanya kama mtu aliyeshikwa na roho, na povu likamtoka kinywani. Lucian anasema povu lile lilitoka kwa mzizi wa majani ya kufulia nguo, aliokuwa akiutafuna.

3. Yai katika matope

Usiku mmoja Alexander alikwenda kwenye msingi wa nyumba ya mungu. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani ya shimo. Alichukua yai la bata bukini lililokwisha kutobolewa na kutolewa mambo yake ya ndani, akatia nyoka mtoto, akaliziba na nta na rangi nyeupe, akalificha katika matope.

Asubuhi alikimbia sokoni, amevaa kitambaa cha zahabu kiunoni tu. Alipanda juu ya mazabahu, akawapongeza watu kwamba mungu wao anafika leo. Alisema maneno mengi yasiyofahamika, kama ya Kiebrania au ya Kifoinike, akichanganya majina ya Apollo na Asclepius. Wazee, wanawake na watoto walipiga magoti. Kiisha wote walimfuata mbio mpaka kwenye msingi. Akaingia majini, akaomba bakuli, akachota matope, yai likatoka. Akalipasua mkononi, na nyoka mdogo akajizungusha kwa vidole vyake. Mji wote ukapiga kelele kwa furaha.

Siku chache nyuma yake, Alexander aliketi kitandani ndani ya chumba kidogo chenye giza. Shingoni mwake alizungusha yule nyoka mkubwa wa Pella. Kichwa cha nyoka alikificha chini ya kwapa, na karibu na ndevu zake akatokeza kichwa kingine, kilichofanywa kwa kitani. Kilipakwa rangi na kilifanana na uso wa mtu. Kinywa chake kilifunguka na kufunga kwa singa za farasi, hata ulimi mweusi wa nyoka ulitoka na kurudi.

Watu waliingia kwa mlango mmoja na kusukumwa upesi watoke kwa mlango mwingine wa mbele yake. Hakuna aliyepata nafasi ya kutazama vizuri. Walisema: juzi alikuwa mdogo, leo ni joka kubwa, na uso ni wa mtu! Alexander akalitaja jina lake: Glycon, Asclepius mpya.

4. Karatasi zenye muhuri

Sasa tunafika mahali palipotugusa sisi kabisa.

Mwenye ulizo aliandika katika karatasi, akaikunja, akaifunga kwa uzi na kutia muhuri wa nta au udongo. Alexander alizipeleka ndani kwa mungu. Kiisha mtu aliitwa kwa jina, akarudishiwa karatasi yake. Muhuri ulikuwa mzima, na jibu limeandikwa kwa mashairi.

Lucian anaeleza namna mbalimbali za kazi hiyo. Ya kwanza: sindano iliyotiwa moto inapitishwa chini ya muhuri, nta inalegea, karatasi inasomwa, halafu inafungwa tena. Ya pili: muhuri unakandamizwa kwa kitu laini, kama lami iliyochanganywa na nta, kikiisha kukauka kinakuwa muhuri wenyewe wa kugongea mwingine. Tuliposoma mahali hapa, yule mwenzetu wa gundi alitutazama, nasi hatukusema neno.

Bei ya jibu moja ilikuwa drakma moja na oboli mbili. Drakma moja ina oboli sita, basi ulizo moja ni oboli nane. Watu wengi waliuliza mara kumi au kumi na tano. Lucian anahesabu kwamba feza ya mwaka ilifika drakma 70.000 au 80.000. Lakini Alexander hakula peke yake. Alilipa wapelelezi, waandikaji, watunga mashairi, wenye kufunga mihuri na wenye kufasiri majibu. Ilikuwa kazi ya watu wengi, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Kwa watu wakubwa kulikuwa na majibu ya namna nyingine: joka lilisema lenyewe. Koo za korongo ziliunganishwa kuwa mrija mmoja mpaka ndani ya kichwa cha kitani, na mtu aliyejificha nje alisema katika mrija huo.

Basi mfike Roma! Mkubwa mmoja wa serikali ya Roma, Rutilianus, aliamini kabisa. Alikuwa na miaka sitini, akamwoa binti ya Alexander kwa sababu joka lilimwamuru. Tangu siku ile nani angeweza kumshitaki Alexander? Lucian anasema liwali wa Bithinia na Ponto mwenyewe alimwomba aache mashitaka, juu ya Rutilianus.

5. Maneno yaliposhindwa

Nabii huyu aliposema neno lisilotimia, alifanya nini? Tunatoa mifano mitatu.

Mkubwa wa waaskari Severianus aliuliza kama aingie Armenia. Joka likampa tumaini la kushinda. Alikwenda mwaka 161, akafa pamoja na jeshi lake. Alexander akaondoa jibu lile katika vitabu vyake, akatia lingine mahali pake, lenye kumkataza asiende.

Kaisari Marcus Aurelius alipokuwa akipigana vita kwenye mto Danube, joka liliagiza watupe simba wawili majini, na ushindi utakuja. Simba walitupwa. Waliogelea mpaka ngambo ya adui, watu wakawaua kwa marungu wakidhani ni mbwa wa kigeni. Kiisha Waroma walipotewa na watu karibu 20.000 kwa mara moja. Alexander akajibu kwamba mungu alitabiri ushindi, lakini hakusema ni ushindi wa nani.

Mfano wa tatu ni mzito kuliko yote mawili. Tangu mwaka 165 hivi, tauni kubwa ilienea katika inchi za Roma. Alexander alituma shairi moja pande zote, na watu waliliandika juu ya milango yao liwe kinga. Lucian anasema nyumba zile zenye shairi zilipata kufiwa kuliko nyingine. Labda ni bahati tu, anasema. Labda tena wenye nyumba walitegemea shairi wakaacha kujilinda. Tunafikiri kila mmoja wetu anajua mgonjwa wa malaria aliyeambiwa aache vidonge kwa sababu ameombewa. Maombi hayakatazi vidonge. Mwenye kuyapiganisha mawili hayo ndiye anayefunga mlango wa hospitali.

6. Mashahidi ni nani?

Mwalimu wa historia hakutuacha hapa. Alituuliza: «Habari hizi za sindano na korongo, mnazipata kwa nani?» Tukajibu: kwa Lucian. «Na Lucian alikuwa rafiki wa Alexander?» Hapana, alikuwa adui yake, tena alipenda kuchekesha. Basi yafaa tumpime Lucian vilevile.

Tumepata mashahidi wasiocheka. Feza za shaba za Abonoteichus, zilizopigwa zamani za Kaisari Antoninus Pius (138–161), zina sura ya nyoka na jina Glycon. Hata zamani za Kaisari Trebonianus Gallus (251–253) mji ule ulikuwa ukipiga bado feza zenye joka. Alexander alikuwa amekufa zamani, karibu mwaka 170. Na mwaka 1962, watu waliochimba katika mji wa Constanța, inchi ya Romania, walikuta sanamu ya joka la jiwe jeupe, la sentimetri 66 hivi. Limejizungusha, pua yake ni kama ya kondoo, nywele na masikio ni kama ya mtu. Liko katika nyumba ya makumbusho ya mji huo. Tena katika Romania kuna mawe mawili yaliyoandikwa kwa heshima ya Glycon.

Basi kwamba dini ilikuwako, na kwamba joka lilikuwa na kichwa cha namna ya mtu, mashahidi ni wengi. Habari za ufundi wa udanganyifu tunazo kwa Lucian peke yake. Ni vema kujua tofauti hiyo. Tena mawe yale yanatufundisha neno lingine: dini ya uongo haifi pamoja na mwenye kuitunga. Waliochonga lile joka la jiwe walikuwa wakiomba kwa moyo wote.

7. Waliofukuzwa mlangoni

Kila mwaka Alexander alifanya sikukuu ya siku tatu. Siku ya kwanza, mbele ya yote, alitangaza kwamba wasioamini watoke. Yeye mwenyewe aliwafukuza Wakristo kwa sauti, na makutano wakaitika kwa kuwafukuza Waepikureo.

Waepikureo mnawajua katika Matendo 17:18. Ndio waliobishana na Paulo huko Athene. Walifundisha kwamba miungu haijishugulishi na mambo yetu, kwa hiyo kila ajabu walitafuta sababu yake. Wakristo na Waepikureo hawakupatana hata kidogo. Lakini mlangoni kwa joka walifukuzwa pamoja. Juu ya nini? Kwa sababu Wakristo hawakukubali kupiga magoti, nao Waepikureo waliuliza kinywa kinafungukaje. Alexander alisema Ponto imejaa watu hawa, akaagiza wafukuzwe kwa mawe. Hata kitabu cha Epikuro alikichoma moto sokoni.

Mbele ya kujisifu, tukumbuke kwamba Lucian hakuwa Mkristo. Katika kitabu kingine aliwacheka Wakristo, kwa kuwa mtu mmoja, Peregrinus, aliwadanganya wakamlisha na kumpa feza nyingi. Basi jina la Mkristo peke yake si dawa ya kutodanganywa.

Lucian alimpima Alexander kwa namna nyepesi. Aliandika ulizo moja: Alexander atakamatwa lini katika udanganyifu wake? Lakini nje ya karatasi aliandika kwamba ndani kuna maulizo manane, akalipa feza ya manane. Akapata majibu manane, na hata moja halikuhusu ulizo lake. Mara nyingine alitoa karatasi mbili kwa majina tofauti, zote zikiuliza Homer alizaliwa mji gani. Mtumishi aliyepeleka ya kwanza aliongopa kwamba ni juu ya dawa ya mbavu, na jibu likaja la dawa. Kwa ya pili walisema ni juu ya safari ya Italia, na jibu likaja la safari. Joka halikuweza kusoma karatasi. Lilisoma watumishi.

8. Watumwa waliokufa bure

Tuliacha neno hili mpaka mwisho kwa sababu ndilo lililotunyamazisha.

Mtu mmoja wa Paflagonia alimtuma mtoto wake kusoma Alexandria, katika Misri. Kijana hakurudi. Baba aliuliza joka, na joka likasema ameuawa na watumwa waliokuwa naye. Watumwa wakashitakiwa, wakahukumiwa, wakatupwa kwa wanyama wakali. Kiisha kijana akarudi, mzima! Alikuwa amepanda mashua katika mto Nili, halafu akashawishiwa kusafiri mpaka Uhindi. Watumwa walimtafuta wakamkosa, wakarudi peke yao na kusema kweli tupu.

Mwepikureo mmoja alisimama mbele ya watu wengi akamwambia Alexander neno hili usoni. Alexander akaagiza makutano wampige mawe. Mawe yakaanza kuruka. Mtu mkubwa mmoja, mgeni, alimkumbatia, ndiyo sababu alipona. Wengine wote walikuwa na mawe mikononi.

Wapenzi, katika inchi yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu nabii alisema ndio wachawi, ndio waliomwua baba au kuleta umaskini. Wengine wanalala sokoni. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, artikle 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu. Lakini sheria iko katika karatasi. Mtoto anasimama mbele ya makutano. Kama hakuna hata mmoja wa kuuliza «umejuaje?», yeye ndiye mtumwa wa Paflagonia.

Hapo tulifahamu kwamba ulizo la interna halikuwa la gundi tu. Kunyamaza kwetu kunaweza kumgarimu mtu mwingine.

9. Jibu la mwalimu wa dini

Tulirudi kwa mwalimu wetu wa dini. Mkubwa yule alikuwa nasi, akasema: «Lakini Yesu mwenyewe alikataza kumjaribu Bwana Mungu, Matayo 4:7.» Ni neno la kweli, na mwalimu alimshukuru. Kiisha akatuonyesha kwamba kumjaribu Mungu na kumpima mtu si kitu kimoja. Kumjaribu Mungu ni kujitupa chini toka juu ya hekalu na kumlazimisha akudake. Kumpima mtu ni kuuliza kama anayosema ni kweli. La kwanza Yesu alilikataza. La pili Biblia inaliagiza.

Musa alitoa kipimo katika Torati 18:22: neno lisilotimia, Bwana hakulisema. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, waliyapima maneno ya Paulo mwenyewe, na wanasifiwa kwa hiyo. Yohana naye, 1 Yohana 4:1, anatuagiza tuzijaribu roho. Na 2 Wafalme 18:4 inasimulia jinsi Hezekia alivyovunja nyoka wa shaba, aliyefanywa na Musa kwa amri ya Mungu, kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Hata kitu kilichoanza vema kinapimwa.

Basi tuliandika alama tatu katika kaye zetu:

a) Je, anakubali kuulizwa? Alexander aliwafukuza wenye kuuliza. Paulo alijibu maulizo yao.

b) Feza inakwenda wapi, na ni nani wanaolipwa ili wanyamaze?

c) Neno lake likishindwa, anaungama, au anabadilisha kitabu?

Alexander alitabiri kwamba ataishi miaka 150 na kufa kwa radi. Lucian anasema hakufikia miaka sabini. Mguu wake ulioza. Waganga walipommwagia maji kichwani kwa kutuliza maumivu, nywele za kuongeza zilitoka, wote wakaona upara wake.

Na nabii wetu wa bahasha? Waliopeleka bahasha, wengine walishinda egzamen, wengine walishindwa. Wasiopeleka, vilevile. Mkubwa yule amekwisha kumaliza masomo. Mbele ya kuondoka alimwambia yule wa gundi: «Mdogo, ulizo lako lilikuwa la haki.» Tunaandika hapa kwa sababu alitupa ruhusa.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Juu ya nini watu wa Abonoteichus walianza kujenga mbele ya kumwona mungu? Je, tunafanya hivyo sisi?

2. Someni Matayo 4:5-7 na 1 Yohana 4:1. Elezeni tofauti kwa maneno yenu wenyewe.

3. Tunajua kwa mashahidi wengi nini juu ya Glycon, na kwa Lucian peke yake nini?

4. Yule aliyemkumbatia Mwepikureo hakujua kama anasema kweli. Mbona alifanya vema?

5. Mtoto akishitakiwa uchawi katika mtaa wenu, ni nani wa kwanza utakayemwendea, na utasema nini?